Geuza Kioo Kwanza

Ninyi vijana mnaokata lenzi siku hizi kule Hai Jalaba, mjini Juba, kwa mashine inayojiendesha, mkono mmoja kwenye kitufe na mwingine kwenye simu, sikuandika haya ili niwasifu. Mimi nimestaafu kazi ya miwani nikiwa na miaka thelathini na mbili. Chekeni tu. Sikuzeeka. Kilichonistaafisha ni plastiki. Lenzi zinakuja kutoka Kampala zikiwa tayari, zikikwaruzika zinatupwa, na mtu anayejua kung'arisha kioo kwa mkono anaambiwa asante mama, sasa nenda nyumbani. Nimekwenda. Lakini barabara ya Nimule, inayotuletea mizigo kutoka Uganda, imewahi kufungwa, na ikifungwa tena nataka awepo angalau mmoja wenu atakayejua la kufanya akibaki na lenzi moja, mbovu, na hakuna nyingine.

Halafu kuna lile tundu. Katika miaka yote ya vita niliyofanya kazi kwenye duka la miwani, kilichonishangaza kuliko milio ya bunduki ni tundu jeusi katikati ya pete ya mwanga mwekundu. Bunduki nilizijua tangu utoto. Tundu lile sikulijua, na hadi leo nikilifikiria nasahau kukasirika, jambo ambalo wa nyumbani kwangu watawaambia si dogo.

Tuanze na hasira basi, maana ndiyo iliyonipeleka dukani. Binti yangu Keji alikuwa na miaka sita. Mwalimu wake aliniita, akaniambia mtoto ana kichwa kigumu, anakaa nyuma ya darasa akichora tu, ubaoni hasomi kitu, bora nimpumzishe nyumbani mwaka mmoja. Nikamuuliza kama amewahi kumsogeza mbele. Akasema mbele kumejaa. Mwalimu huyo hajaniomba radhi mpaka leo na mimi sijamsamehe, tumeachana hivyo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuona mambo. Kule Gumbo tulikokaa, Keji aliwahi kusimama mbele ya pipa la maji la buluu akalisalimia, kwa sababu jirani yetu alikuwa na gauni la rangi hiyo. Tulicheka hadi machozi. Wiki ileile akaingia barabarani lori la jeshi likija. Nilimvuta kwa nyuma ya gauni. Nikamgombeza, naye akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba lori alilisikia, ila hakujua liko upande gani. Kicheko kiliishia hapo.

Nilimbeba mpaka Thongpiny, kwenye zile nyua za mashirika zenye kuta ndefu, nikaambiwa getini kwamba daktari wa macho amepanda ndege na wenzake, nirudi hali ikitulia. Baba yake Keji ni dereva, na lori lake lilikuwa limekwama ng'ambo ya Nimule kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto asiyeona lori. Mtu mmoja sokoni akaniambia niende kwa Ustaz Wani.

Huyu Wani alikuwa mtu mwembamba, miaka arobaini na kitu, aliyekulia ukimbizini Uganda. Huko Kampala alifanya kazi ya kufuta vumbi na kupanga vyombo kwenye maabara ya fizikia ya chuo kimoja. Watu wa Juba walimwita Ustaz kwa heshima, kama tunavyomwita yeyote anayefundisha au anayevaa kalamu mfukoni. Na mfuko wake, kumbukeni mfuko huo, ulikuwa wa shati, upande wa moyo, na ulijaa kila kitu: misumari, funguo, peremende, skrubu za miwani, na kitu fulani kilichofungwa kwenye karatasi ya sigara.

Nilitegemea aniletee lile bango la herufi. Mtoto wangu alikuwa hajajua herufi, na hasira yangu ilikuwa tayari inasubiri hapo. Hakuleta bango. Alifunga dirisha, akachukua tochi ya leza, zile kalamu za mwanga mwekundu ambazo watoto walikuwa wakisumbulia paka, akaipitisha kwenye kioo kidogo kilichoutawanya mwanga, ukaangukia ukutani ukawa doa pana kama sahani. Akamwuliza Keji anaona nini.

"Sisimizi," Keji alisema. "Wekundu. Wengi."

Na mimi nikatazama. Kweli doa lile halikuwa rangi tupu. Lilikuwa punje punje, nyekundu na nyeusi, kama unga wa mtama uliomwagwa na kuwashwa moto, na punje zile zilikuwa zinatembea. Nikisogeza kichwa zinatembea, nikitulia zinatulia. Nikadhani ni ujanja wa tochi. Ustaz akaniambia tochi haijatikisika, ni sisi tunaotikisika. Akasema ukuta wowote, hata huu uliopakwa chokaa vizuri, ukiutazama kwa karibu sana ni vilima na mabonde. Mwanga wa leza ni wa rangi moja na unatembea pamoja kama askari wa gwaride. Ukigonga vile vilima, kila askari anarudi kwa njia yake, na wanapokutana tena machoni mwako wengine wanasaidiana, pale panang'aa, wengine wanapingana, pale giza. Kwa hiyo punje zile nusu ziko ukutani na nusu ziko jichoni mwako. Na kwa kuwa nusu iko jichoni, akasema, jicho litatuambia habari zake lenyewe, bila herufi.

Akamwambia Keji asogeze kichwa kulia polepole, aseme sisimizi wanakwenda wapi.

"Wanakwenda huku," akasema, akionyesha kushoto.

"Kushoto? Jaribu upya," Ustaz akasema. Wanakwenda kushoto. Akienda kushoto wanakwenda kulia. Wanakimbia, akasema Keji, kama wanamwogopa.

Hicho ndicho kipimo, na ninyi mnaokaa na mashine ya umeme mkikosa jenereta mkikumbuke. Sisimizi wakimfuata mtu anakoelekea, jicho hilo haliwezi vya karibu. Wakienda kinyume chake, haliwezi vya mbali. Unamwekea lenzi moja, ya pili, ya tatu, mpaka sisimizi wasiende popote, wabaki wanachemka palepale kama uji. Hapo ndipo namba yake ilipo. Na tafadhali, mwanga unaangukia ukutani, jicho linatazama ukuta. Mtu atakayemulika leza ndani ya jicho la mtoto nitamtafuta nyumbani kwao.

Keji, sisimizi wake walichemka palepale kwenye hasi tisa, macho yote mawili. Nilipoambiwa kwamba mtu wa hasi tisa anaona sawasawa kitu kilicho sentimita kumi na moja mbele ya pua yake na baada ya hapo dunia inaanza kuyeyuka, nilikaa chini kwenye sakafu. Mtoto wangu hakuwa na kichwa kigumu. Alikuwa hajawahi kuniona usoni kutoka upande wa pili wa chumba.

"Basi mpe miwani," nikamwambia Ustaz.

"Mama Keji, hasi tisa mimi hapana kuwa nayo," akasema. "Hiyo inatoka Kampala. Na barabara wewe unajua."

Kisha akanionyesha maboksi. Kuna watu wema ng'ambo za mbali wanaokusanya miwani ya marehemu na ya wazee wao, wanaitia kwenye boksi bila hata kuifunga kitambaa, na kuileta kwetu kama msaada. Lenzi zimesuguana njia nzima hadi zimekuwa kama zimeoshwa kwa mchanga. Kisha mtu anakuja na kamera tuzipokee tukitabasamu. Nilisema hayo kwa sauti, hapohapo, na nitayasema tena. Ustaz aliniacha nimalize. Akasema nyingi humo ni za kioo kizito cha zamani, na kioo kikikwaruzika kinang'arishwa. Yeye alikuwa na bega bovu na kazi imemlemea. Nikae nisaidie kupekua na kusugua, na siku nikiipata hasi tisa, ni yangu.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kila asubuhi nilivuka Daraja la Juba kwa miguu, Keji mkononi, kutoka Gumbo mpaka Hai Jalaba, na kila jioni nikarudi kabla ya giza, kwa sababu giza lilikuwa na wenyewe.

Sasa kazi. Kung'arisha si kusaga. Mnaposaga mnaondoa kioo, mnapong'arisha mnakibembeleza. Tulikuwa na gurudumu la kukanyaga kwa mguu kama cherehani, juu yake kipande cha blanketi la jeshi kilichogundishwa kwa lami, na poda ya rangi ya udongo iliyochanganywa na maji. Maji ya mto msiyatumie bila kuyachuja kwa kitambaa mara kadhaa, yana tope laini linaloandika kioo chote. Kitambaa chenyewe kisiwe kile ulichofungia mtoto mgongoni, vumbi la Juba linakaa humo kama mpangaji. Poda ilipokuwa inakaribia kwisha tulijaribu dawa ya meno. Kwa lenzi nyepesi inasaidia kidogo, na duka linanukia vizuri. Sikilizeni pia sauti: kioo kinachong'aa kinateleza kimya, kinacholia kama mbu kina punje ya mchanga chini yake, simamisha mguu mara moja. Na kikipata moto mkononi, pumzika, ukanywe chai.

Lakini swali la kazi hii yote ni moja tu: utajuaje umemaliza? Jicho linadanganya. Kioo kinaonekana safi mezani, ukikivaa juani kila kitu kina ukungu. Ukiendelea kusugua kwa woga unakimaliza, hasa lenzi za hasi, ambazo katikati ni nyembamba kama ganda la yai. Hapa ndipo Ustaz alipofungua ile karatasi ya sigara iliyokuwa mfukoni mwake.

Ndani yake mlikuwa na visahani viwili vya kioo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Alipewa na mwalimu mmoja wa kule maabara aliyekuwa anahama. Kwa macho havina kitu. Ukipitisha leza kwenye kile cha kwanza, ukutani halitui doa. Inatua pete, na katikati ya pete tundu jeusi, jeusi kuliko kivuli, kama mtu amelitoboa kwa msumari wa moto.

Nilitafuta kilichoziba mwanga. Hakuna kilichoziba. Nikatia kidole, nikafuta, nikageuza tochi. Tundu lipo. Nilimsumbua Ustaz siku nzima, na jioni, kwa kuwa na yeye alikuwa anakwenda Gumbo kwa dada yake, alinionyesha jibu lake darajani. Alinionyesha maji yanavyopita kwenye nguzo, yanajisokota, na katikati ya mzunguko pana shimo ambalo maji hayaingii. Kisahani, akasema, ni ngazi ya kuzunguka, nyembamba mno, huwezi kuiona. Mwanga unaopita upande mnene unachelewa kidogo kuliko wa upande mwembamba, unatoka umejisokota kama yale maji. Katikati kila mwanga unakutana na mpinzani wake, wanafutana, hapabaki kitu. Askari mmoja akatupigia kelele tusisimame darajani. Tulikwenda huku nimegeuza shingo.

Kisahani cha pili kilikuwa na ngazi nne badala ya moja. Pete yake ni pana zaidi na tundu kubwa. Tukiweka mbele yake kipande cha kioo cha ukungu, kile cha madirisha ya bafu, pete yote inavunjika kuwa sisimizi, na sisimizi wa ngazi nne ni wadogo kuliko wa ngazi moja. Kwa nini? Ustaz akasema yeye alikuwa anafuta vumbi, hakuwa profesa. Nilikasirika kwamba duniani kuna kitu kama hicho na mwenye duka hajui. Nikachukua kizibo cha soda, nikakitoboa, nikakiweka juu ya kile kioo cha ukungu ili mwanga upite padogo. Sisimizi wakanenepa. Nikatoboa zaidi, wakakonda. Kumbe si ngazi zenyewe, ni upana wa eneo linalomulikwa: pete ikiwa pana, punje zinakuwa laini. Niliwaita Ustaz na Keji waone. Hakuna aliyenipigia makofi, lakini Keji alisogeza pua mpaka ikakaribia kugusa ukuta na kuniambia kwamba katikati ya sisimizi pia kuna vitundu vyeusi, vingi, kila kimoja kimezungukwa. Mimi sikuviona. Yeye, kwa macho yake ya sentimita kumi na moja, aliviona kama mimi ninavyoona vidole vyangu.

Sasa kipimo cha kung'arisha. Weka lenzi yako mbele ya kisahani cha ngazi moja. Kama uso wa lenzi bado umekwaruzika, mwanga unatawanyika, na sisimizi wanaingia ndani ya tundu. Ukizidi kung'arisha wanapungua. Siku tundu likirudi kuwa jeusi tupu, umemaliza, acha mara moja. Lenzi ya hasi inaipanua pete mpaka inakuwa kama kisahani cha chai na tundu kama kizibo, kwa hiyo hata sisimizi mmoja unamwona.

Mwanzoni tulikuwa tunafanya kipimo hiki kwa kumulika kupitia mlangoni hadi ukuta wa ng'ambo ya kichochoro, ili pete ipanuke vizuri. Hili ni kosa ambalo fundi wa mji mwingine hawezi kulifanya, wala kulielewa. Ng'ambo pale alikaa mama wa chai, Mama Achol, na wateja wake kwenye viti vya plastiki. Siku moja Ustaz aliwasha leza kabla ya kuweka kisahani, na doa jekundu likatua ukutani juu ya kichwa cha mteja mmoja. Juba, vita, doa jekundu kama la bunduki inayolenga. Watu wote walilala chini kwa pamoja bila neno, chai ikamwagika, mtu mmoja akaingia chini ya kiti kisichotosha hata kuku. Kisha Mama Achol, akiwa bado kifudifudi kwenye vumbi, akainua macho akamwona Ustaz amesimama mlangoni na kalamu yake.

"Wani," akasema. "Nitakuja huko. Na nikija huko utavaa miwani mpaka matakoni."

Alikuja. Tangu siku hiyo tulifanya kipimo ndani ya maboksi yaleyale ya msaada, tumeyaunganisha yakawa handaki refu, na karatasi nyeupe mwishoni. Bei ya chai pia ilipanda kidogo kwetu, na ilistahili.

Hasi tisa niliipata kwenye boksi la mwisho, mimi mwenyewe, wakati nilikuwa nimeshaacha kutazamia. Fremu ya bibi, kubwa, ya rangi ya asali. Lenzi ya kulia ilikuwa nzuri. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kwa mikwaruzo kama jicho la mbuzi aliyekufa. Nilikaa nazo nje kwanza, sikuingia ndani, kwa sababu sikutaka Ustaz aone uso wangu.

Kazi ya lenzi ile aliifanya yeye, bega bovu na yote. Nilimwachia kwa sababu niliogopa kuivunja. Na nilikuwa na sababu ya kuogopa: miezi ile ya karibuni lenzi mbili za hasi zilikuwa zimempasukia mkononi. Zote mbili zilifika karibu na kumaliza, sisimizi wachache wakabaki kwenye tundu, akaendelea, akaendelea, tak. Tulisema ni kioo kibaya. Tuliwalaani waliotuma.

Kwa hiyo mnaelewa tulivyokaa. Lenzi inakanyagiwa gurudumu, inaoshwa, inaingia handakini, tunatazama. Inarudi. Sisimizi waliojaa tundu wakawa wachache. Wakawa watano au sita. Kisha wakawa watatu, wamekaa upande mmoja wa tundu kama watu wanaosubiri gari, na hao watatu hawakutoka. Akang'arisha tena. Watatu. Akapima katikati ya lenzi kwa kucha na kioo kikatoa sauti nyembamba ambayo sikuipenda hata kidogo.

Nikamwambia aache. Mtoto ataona kwa sisimizi watatu, wengine tunaona kwa mambo mabaya zaidi. Ustaz akasema hapana, hiyo ni ukungu, juani utamsumbua, atavua miwani aitupe, na katika miwani hakuna kitu kibaya kama miwani ambayo mtoto ameikataa. Na hilo, vijana, ni kweli. Lakini sikumkubalia. Tuligombana kwa nguvu hadi Mama Achol akaja kuuliza nani amekufa. Mimi nilisema lenzi ni ya mtoto wangu na inatosha. Yeye akasema kazi ni yake na haijaisha. Akaitia poda tena, akaweka mguu kwenye kibao cha gurudumu.

Keji wakati huo alikuwa mwisho wa handaki, kule kwenye karatasi, mahali alipopapenda, pua yake ikiwa karibu kuchora juu yake. Nilimnyang'anya Ustaz lenzi. Ndiyo, nilimnyang'anya mkubwa kitu mkononi, na nikaiosha, nikairudisha handakini, nikaizungusha huku na huku kwenye kishikio chake kwa hasira tu, kama mtu anayetafuta kasoro ya kumwonyesha mwenzake.

"Mama, umefanya nini?" Keji akauliza.

"Nimeizungusha. Kaa kimya."

"Mstari mwembamba umezunguka. Sisimizi hawajazunguka."

Mimi na Ustaz tukatazamana. Nikaizungusha tena, polepole, robo mzunguko. Sisi kwa macho yetu hatukuona mstari wowote, tuliona pete na watatu wetu. Keji akasema mstari (nadhani ni mabaki ya poda niliyoacha nilipoosha) sasa uko juu. Sisimizi wako palepale. Ustaz akaja akaizungusha yeye. Palepale.

Mnaona? Doa la lenzi likizunguka na lenzi, ni la lenzi. Lisipozunguka, kioo chako hakina hatia. Ustaz akaitoa lenzi kabisa, akabaki na kisahani peke yake. Sisimizi watatu walikuwepo, wadogo sana, hata mtu asingewatafuta, lakini walikuwepo. Akakitoa kisahani akakiinua juani mlangoni, akakigeuzageuza. Karibu na katikati kulikuwa na mkwaruzo mfupi, kama wa ncha ya msumari.

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa misumari, funguo, skrubu, peremende iliyoyeyuka. Akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Zile mbili," akasema. "Zile mbili hazikuwa na kitu."

Sikumcheka, na mnajua mimi ni nani. Kwa miezi alikuwa anafuta kwenye vioo vya watu doa lililokuwa mfukoni mwake, mpaka vioo vikaisha. Nilikwenda kumnunulia chai. Niliporudi alikuwa ameshairudisha lenzi ya Keji kwenye fremu, na ameichoma miguu ya fremu ya bibi kwenye moto wa mshumaa akaikunja ifuate masikio madogo. Kisahani alikifunga kwenye pamba, kwenye kikopo cha dawa. Baada ya miaka kumi kwenye mfuko.

Kanuni yenyewe, kwa hiyo, kama mkisahau mengine yote: kabla hujamsugua mtu, mzungushe. Kama kasoro inabaki palepale, jitazame wewe.

Keji alivaa miwani akatoka nayo nje. Sitawaambia kwamba alilia au aliimba, hakufanya hivyo. Alitembea kama mtu aliyepewa viatu vipya, akiinua miguu juu kupita kiasi kwa sababu ardhi ilikuwa imepata mawe ghafla. Alimtazama Mama Achol, akamwambia kwamba ana meno. Alisoma kibao cha duka la simu, herufi moja moja, zile chache alizokuwa amejifunza dukani, kwa sauti kubwa. Mimi nilitembea nyuma yake nikijaribu kuwa mkali.

Darajani akakimbia mbele yangu mpaka kwenye vyuma vya ukingo, juu ya ile nguzo, akainama. Nilijua anatazama nini. Maji yalikuwa yanajisokota pale chini na katikati yake shimo. Askari wa zamu akaanza kutupigia kelele tusisimame, na mimi nikamgeukia, maana siku hiyo nilikuwa na maneno yaliyobaki na nilikuwa natafuta pa kuyaweka. Nikamwambia yote. Nilipomaliza nikageuka kumwita mtoto.

Keji alikuwa ameacha kutazama maji. Amesimama hatua kumi hivi kutoka kwangu, ameishika fremu kwa mikono miwili isidondoke, ananitazama mimi, kwa makini yaleyale aliyokuwa akiwatazama nayo sisimizi.

"Mama," akasema. "Kumbe ndio uso wako huo?"